Kabla Mashine Haijajifunza, Rekodi Zijuane

Tuseme hospitali ya wilaya ina faili la mgonjwa wa kisukari, Khadija Rashid Mbwana, aliyezaliwa 1 Januari 1987. Mfuko wa bima ya afya una mwanachama aitwaye Hadija R. Mbwana, mwaka wa kuzaliwa 1978. Kampuni ya simu ina laini iliyosajiliwa kwa jina la Khadija Mbwana, ila simu yenyewe anatembea nayo mwanawe. Huyo ni mtu mmoja. Hospitali inajua vipimo vyake vya sukari, bima inajua dawa zilizolipiwa na zile ambazo hakuzifuata, na kampuni ya simu inajua kama laini imehama mji. Anayetaka kuifundisha mashine itambue mapema wagonjwa watakaoacha dawa angetamani vipande hivyo vitatu vikae kwenye mstari mmoja. Sheria inamzuia kuvirundika mahali pamoja, na ni haki imzuie.

Ndipo unapoingia ujifunzaji shirikishi wa mashine, njia ya kufundisha modeli moja kwa data za wengi bila data hizo kuondoka kwa wenyewe. Brendan McMahan na wenzake wa Google waliieleza mwaka 2016, na matumizi yake yaliyopata umaarufu kwanza yalikuwa kwenye kibodi ya simu. Seva inatuma modeli kwenye maelfu ya simu, kila simu inaifundisha kidogo kwa maneno ya mwenye simu, kisha inarudisha marekebisho ya modeli peke yake. Seva inachukua wastani wa marekebisho hayo na mzunguko unaanza upya. Ujumbe uliomwandikia mama yako haujatoka mfukoni mwako.

Kwenye kibodi, kuoanisha data si tatizo kubwa. Simu zote zinatumia programu ileile, kwa hiyo zina safuwima zilezile. Kinachotofautiana ni watu. Wataalamu huuita huu mgawanyo wa mlalo. Habari ya Khadija ni kinyume chake: watu ni walewale, safuwima ni tofauti. Huo ni mgawanyo wa wima. Qiang Yang na wenzake waliupanga uwanja wote kwa majina hayo katika makala yao ya mwaka 2019, na benki ya mtandaoni ya WeBank, ya Shenzhen nchini China, ikatoa programu huria iitwayo FATE kwa ajili ya kazi za namna hii. Benki na kampuni nyingine nyingi zinataka mgawanyo wa wima, maana kila mmoja ana kipande cha mteja na hataki kumwonyesha mwenzake.

Katika mgawanyo wa wima, hesabu zote zinasimama juu ya sharti moja: mstari wa 4,017 wa hospitali na mstari wa 4,017 wa bima lazima iwe ya mtu yuleyule. Mstari wa bima ukiwa wa Juma, modeli itajifunza sukari ya Khadija pamoja na dawa za Juma, na wala hakuna kengele itakayolia. Hesabu itakwenda vizuri, namba zitatoka, ripoti itachapwa. Katika mradi wa kawaida mchambuzi hufungua jedwali, akaona mwanamume aliyelazwa wodi ya wazazi, akajua kuna lililoharibika. Hapa hakuna anayeruhusiwa kuona majedwali yote mawili. Faragha tuliyoijenga kwa jasho ndiyo inayotuziba macho, na kwa sababu hiyo mimi naihesabu hatua ya kuoanisha kuwa ngumu kuliko mafunzo yenyewe, ingawa kwenye maelezo ya miradi mingi hupewa aya moja tu.

Kuoanisha rekodi kulianza zamani kabla ya mashine hizi. Daktari wa takwimu wa Marekani, Halbert Dunn, aliandika kuhusu kazi hii mwaka 1946, akiwazia kitabu cha maisha ya kila mtu kinachoanza na cheti cha kuzaliwa na kuishia na cheti cha kifo. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, wanatakwimu wa serikali ya Kanada, waliipa kazi hiyo hesabu yake. Wazo lao ni kwamba kila kinachofanana ni ushahidi, na ushahidi una uzito wake. Rekodi mbili za Zanzibar zikikubaliana kwenye jina la Ali, umepata ushahidi mwepesi sana. Zikikubaliana kwenye jina la ukoo ambalo halipatikani zaidi ya familia mbili, uzito unapanda. Ukishajumlisha, unakuwa na mafungu matatu: wanaolingana, wasiolingana, na fungu la katikati ambalo Fellegi na Sunter waliliacha kwa makusudi lisomwe na karani kwa macho yake.

Karani huyo ndiye aliyepotea katika ujifunzaji shirikishi. Fungu la katikati limebaki, wa kulisoma hayupo.

Majina yetu nayo yana mambo yake. Njia ya zamani ya kuunganisha majina yanayofanana kwa sauti ni Soundex, ambayo Robert Russell aliipatia hataza Marekani mwaka 1918, na bado imo ndani ya programu nyingi za hifadhidata. Inahifadhi herufi ya kwanza, inatupa irabu, na kuzipa konsonanti zinazofuata namba. Mohamed, Mohammed na Muhammad wote wanapata M530, na hapo inatusaidia kweli. Lakini Khadija anapata K320 na Hadija H320. Halima ni H450, Alima ni A450. Rehema na Lehema wanaachana kwenye herufi ya kwanza, na Furaha anaachana na Fulaha kwenye namba, ingawa lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r na karani aliyesikia jina kwa lafudhi ya msemaji hakukosea alipoandika alivyosikia. Kanuni hii ilitungwa kwa masikio ya Kimarekani. Kuichukua kama ilivyo na kuitumia kwenye daftari la wagonjwa wa Tanga ni uzembe, na anayeumia kwa uzembe huo ni mgonjwa.

Wengi wakiona ugumu wa majina hukimbilia namba: ya simu, ya kitambulisho, ya bima. Na ili namba zisionekane, hushauriwa zigeuzwe kwanza kuwa alama za heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaozalishwa na kanuni kama SHA-256, ambao haurudishiki nyuma kuwa namba ya asili. Kila upande unageuza namba zake, kisha wanalinganisha alama. Ushauri huu nausikia mpaka leo, na ni wa hatari. Kweli alama hairudi nyuma, lakini mwizi hana haja ya kurudi nyuma. Namba za simu za mkononi za Tanzania huanza na 06 au 07, kisha zinafuata tarakimu nane. Kwa hiyo zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kadi moja nzuri ya michoro hukokotoa alama za SHA-256 mabilioni kwa sekunde. Anageuza namba zote milioni 200, anaziweka mezani, kisha anasoma alama zako moja moja na kuona ni namba ya nani.

Jambo hili limeshatokea hadharani. Mwaka 2014 jiji la New York lilitoa kumbukumbu za safari zaidi ya milioni 170 za teksi za mwaka 2013, namba za teksi na za leseni za madereva zikiwa zimefichwa kwa heshi ya MD5. Mhandisi wa programu Vijay Pandurangan aliziona, akatambua kwamba namba zinazowezekana ni chache, akazifichua zote ndani ya saa mbili. Namba ya kitambulisho cha taifa ya Tanzania ina tarakimu 20, na mtu anaweza kudhani urefu huo unamkinga. Lakini nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Anayeijua tarehe yako ameshapunguza kazi kwa kiasi kikubwa.

Njia iliyo salama inatumia hesabu nzuri sana, na inafaa ieleweke na kila mtu anayeombwa kuamini kwamba data zake hazijaonekana. Chukua 3. Mimi nina siri yangu, 2. Wewe una siri yako, 5. Nikiinua 3 kwa kipeo cha 2 napata 9. Nikikupa 9 ukaiinua kwa kipeo cha 5 unapata 59,049. Tuanze upande wako: 3 kwa kipeo cha 5 ni 243, nami nikiinua 243 kwa kipeo cha 2 napata 59,049 ileile. Mpangilio haubadilishi jibu. Sasa weka mahali pa 3 namba ya simu iliyogeuzwa heshi, weka siri ndefu zisizokisika, na fanya hesabu yote kwa baki la kugawanya kwa namba tasa kubwa mno, ili asiyejua siri asiweze kushuka kutoka kwenye jibu hadi kwenye namba. Kila mmoja anainua orodha yake, anampa mwenzake aiinue tena, na mwisho wanalinganisha zilizoinuliwa mara mbili. Zinazolingana ni watu wa pamoja. Zisizolingana hazisomeki, na kadi ya michoro haimsaidii mtu, maana ili ajaribu namba moja anahitaji siri ya mwenzake.

Msingi wa hesabu hii ni kazi ya Whitfield Diffie na Martin Hellman ya mwaka 1976, na njia za kuitumia kulinganisha orodha kwa siri zimekuwapo tangu miaka ya 1980. Siku hizi zipo mbinu nyingine zenye kasi kubwa. Mwaka 2016 Vladimir Kolesnikov na wenzake walionyesha mbinu inayopata watu wa pamoja kati ya orodha mbili, kila moja ikiwa na majina zaidi ya milioni moja, kwa sekunde 3.8 kwenye mtandao wa kasi. Kasi basi si kisingizio tena.

Kikwazo ni kwamba hesabu hii inadai usawa kamili. Namba ikiwa na kosa la tarakimu moja, vipeo vinatoa jibu lisilofanana hata kidogo. Khadija na Hadija kwake ni watu wawili kama walivyo Khadija na Juma.

Rainer Schnell na wenzake, huko Ujerumani, walitafuta njia ya kati mwaka 2009. Walilikata jina katika jozi za herufi. Khadija ni kh, ha, ad, di, ij, ja: jozi sita. Hadija ni ha, ad, di, ij, ja: jozi tano, na zote zimo katika lile la kwanza. Kipimo cha kufanana ni mara mbili ya jozi za pamoja ukigawanya kwa jumla ya jozi zote, yaani 10 kwa 11, karibu 0.91. Ili kuficha, kila jozi inatiwa alama ndani ya mfuatano wa sifuri na moja uitwao chujio la Bloom, kwa jina la Burton Bloom aliyeubuni mwaka 1970. Unaweza kulinganisha machujio mawili na kupata ufanano bila kuyaona majina. Wahudumu wa takwimu za afya katika nchi kadhaa waliipenda njia hii, na sababu ilikuwepo. Lakini kile kinachoiwezesha kuvumilia makosa ndicho kinachovujisha siri: jina linalorudiwa sana linatoa chujio linalorudiwa sana. Mehmet Kuzu na wenzake walithibitisha mwaka 2011 kwamba kwa kulinganisha marudio hayo na orodha ya majina yaliyoenea, sehemu ya majina inafichuka. Mahali ambapo Mohamed, Juma na Asha wamejaa kila mtaa, ningeisogelea njia hii kwa tahadhari kubwa, na kwa funguo za siri zinazobadilishwa kila mradi.

Kuna mvujo mwingine ambao hata hesabu safi ya vipeo haiuzuii. Mwisho wa zoezi, kila upande unajua ni nani kati ya watu wake yumo pia kwa mwenzake. Kama mwenzake ni duka la vitabu, si neno. Kama ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, bima imeshajua jambo ambalo haikupaswa kulijua, na hakuna tone la vipimo lililotoka kliniki! Ahadi ya kwamba data haitoki imetimizwa kwa maandishi na kuvunjwa kwa kitendo. Tiba za mvujo huu zipo. Programu ambayo Google iliitoa kama programu huria mwaka 2019 inaruhusu pande mbili kupata jumla ya thamani za watu wa pamoja bila kumjua yeyote kati yao. Mwaka 2021 watafiti wa ByteDance walipendekeza pande mbili zifundishe juu ya watu wao wote, wa pamoja na wasio wa pamoja, na pale upande mmoja unapokosa mtu uweke data za kubuni, ili asijulikane aliyemo na asiyemo. Mafunzo yanakuwa mazito zaidi. Kwa data za afya naona gharama hiyo ni ya lazima, na mradi usioweza kuilipa usubiri.

Washiriki wakiongezeka, hesabu inageuka kali. Tuseme kila taasisi ina makosa madogo tu, asilimia 5 ya rekodi zake, na makosa hayo hayahusiani. Zikiwa taasisi mbili, watu tisa kwa kumi wanabaki. Zikiwa kumi, anayebaki ni yule asiye na kosa kokote: 0.95 kwa kipeo cha 10, karibu asilimia 60. Wanne kwa kumi wameanguka, na katika taasisi yoyote moja usingeona dalili.

Nani ameanguka? Si watu wa kuokotwa ovyo. Ni mwanamke aliyeandikwa kwa jina la baba kliniki na kwa jina la mume kwenye bima. Ni mzee aliyekadiriwa mwaka wa kuzaliwa, kila ofisi ikikadiria wake. Ni anayetumia simu ya jirani. Mwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, laini yake mwenyewe na ajira yenye bima anaoana kirahisi kila mahali. Modeli inayofundishwa juu ya waliooana inajifunza watu waliokwisha kushikwa mkono na mifumo yetu, kisha inapelekwa kuamua habari za ambao haikuwahi kuwaona. Na kosa la kuunganisha watu wawili tofauti nalo lina uzani wake: Richard Nock na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 2018, walionyesha kwa hesabu kwamba makosa yanayoumiza zaidi ni yanayovuka makundi. Kumchanganya mgonjwa aliyeacha dawa na mwingine aliyeacha kunaweza kuvumilika. Kumchanganya na asiyeacha kunaipotosha modeli.

Nisiache mgawanyo wa mlalo uonekane hauna kazi. Utafiti wa uvimbe wa ubongo wa glioblastoma uliochapishwa mwaka 2022 uliunganisha vituo 71 katika mabara sita na wagonjwa 6,314. Kabla ya mafunzo, kila kituo kilitakiwa kuwa na aina nne zilezile za picha za MRI kwa kila mgonjwa, picha zote zikalazwa juu ya ramani moja ya ubongo, fuvu likaondolewa, na mipaka ya uvimbe ikachorwa kwa utaratibu mmoja. Hata kipimo cha sukari kinataka hivyo: maabara moja inaandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na kati yao kuna kizidisho cha takriban 18. Saba ya huku ni sukari ya kufunga inayoashiria kisukari. Saba ya kule isingeweza kuwa ya mtu aliye hai na anayetembea. Angalau makosa ya vipimo hupiga kelele. Ya majina yako kimya.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote katika jambo hili uko Kisesa, wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Huko wakazi wamekuwa wakifuatiliwa kwa sensa za kitafiti tangu mwaka 1994, na watafiti walitaka kuunganisha sensa hizo na rekodi za kliniki. Kuanzia mwaka 2015 walifanya kazi hiyo kliniki penyewe, mgonjwa akiwa ameketi mbele yao. Kwa ridhaa yake, mtumishi aliingiza majina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na kitongoji, pamoja na jina la balozi wa nyumba kumi. Programu ilileta orodha ya wanaoweza kuwa yeye, na mtumishi akamuuliza kuhusu watu anaoishi nao nyumbani mpaka wakahakikisha. Hakuna kanuni ya kigeni ingefikiria kuuliza balozi ni nani, na kwa mkazi wa Kisesa ni swali analolijibu bila kusita. Baadaye jozi hizo zilizothibitishwa na wenyewe zilitumika kupima jinsi uoanishaji wa mashine peke yake unavyokosea.

Yule karani wa Fellegi na Sunter amerudi hapa, na amemkuta shahidi aliye bora kuliko faili lolote. Hilo linawezekana hata ndani ya ujifunzaji shirikishi. Huhitaji kuwauliza watu milioni. Kila taasisi inaweza kuomba ridhaa ya wachache wanaofika dirishani, wa mjini na wa vijijini, wake kwa waume, ikathibitisha rekodi zao kwa upande wa pili, na fungu hilo dogo likawa kipimo cha uoanishaji mzima uliofanyika gizani.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Miradi ya kushirikisha data bila kuzihamisha itakuja kwa wingi kwa sababu ya sheria hizo, na watakaoileta watatuonyesha usahihi wa modeli. Sisi tuwaombe kwanza ukurasa mwingine: ni asilimia ngapi ya watu wa kila mshiriki waliooanishwa, wakitenganishwa kwa jinsia, umri na wilaya, nani aliweka kanuni za kuandika majina kabla ya kuyageuza kuwa alama, kila upande umejua nini kuhusu watu wa mwenzake baada ya zoezi, na jozi ngapi zimethibitishwa na wenyewe kwa mdomo wao. Mradi usio na ukurasa huo usipewe ruhusa ya kuanza mafunzo.